Kibofu cha Kengele

Jumatatu, 3 Februari

Nguruwe kumi na mmoja wa minyoo kule Nambale. Kisha ng'ombe aliyebakiwa na kondo la nyuma, siku ya tatu, mwenyewe akidhani litatoka lenyewe. Mikono inanuka hadi sasa. Nimenawa mara nne.

Niliporudi kliniki hapa Busia nilimkuta Mama Okisai amekaa kwenye benchi, mbwa wake katikati ya miguu. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Mara ya tatu tangu Desemba. Mbwa jike wa miezi sita, rangi ya mchanga, sikio moja limelala. Anakojoa matone matone, anachuchumaa kila baada ya hatua kumi, mkojo una wekundu. Nilimpa vidonge siku saba, akapona, ugonjwa ukarudi. Nikampa vingine vya aina tofauti, akapona, ukarudi.

Nilimgusa tumbo. Akakaza. Nikaacha. Kulikuwa na mtu mlangoni na mbuzi aliyevimba.

Nimempa vidonge tena, safari hii siku kumi na nne. Sina hamu ya kusikia habari za mkojo wa mbwa huyu tena.


Alhamisi, 6 Februari

Leo nilipita Chakol nikitoka Malaba, nikaingia kwa Mama Okisai. Sikuwa na sababu. Labda dhamiri.

Sasa nimeelewa kwa nini anahangaika hivi kwa ajili ya mbwa. Mama huyu hasikii. Si uzee, hajafika hata sitini. Miaka iliyopita alitibiwa kifua kikuu kile sugu, miezi mingi ya sindano. Kifua kilipona, masikio yakaondoka. Anasoma midomo, na anaongea kwa sauti ya juu kwa sababu hajisikii. Mumewe alifariki. Watoto wako mbali. Mwaka jana wezi walikuja saa saba mchana, yeye akiwa nyuma ya nyumba anapepeta mtama, wakafungua mbuzi wake wawili na kuondoka nao kwa mlango wa mbele.

Ndipo akatafuta mbwa, akamwita Kengele. Mtu akifika kwenye lango, Kengele anamvuta mama leso aliyojifunga. Amemfundisha mwenyewe. Nilijionea: kabla sijazima pikipiki, mama alikuwa ameshatoka nje.

Mbwa wa kazi hiyo hawezi kufungiwa bandani. Anakaa ndani, na ndani kunanuka mkojo. Godoro limeanikwa juu ya ua, lina doa kubwa katikati.

Nilipima mkojo wake kwa karatasi. Damu ipo. Usaha upo. Asidi hakuna kabisa. Niliandika kwenye daftari la kliniki kisha sikuifikiria zaidi.


Jumamosi, 15 Februari

Ujumbe kutoka kwa Mama Okisai, kwa simu ya jirani: "Kengele ako sawa. Mungu akubariki."

Siamini. Lakini nimefurahi.


Jumatano, 26 Februari

Ugonjwa umerudi.

Nilimkasirikia. Nilimwambia, nikitamka polepole ili aone midomo, kwamba watu wengi huacha dawa mbwa akishapata nafuu, na wadudu wanaobaki wanakuwa sugu. Nilisema kwa ukali. Nimeshasema maneno hayo kwa nusu ya wilaya hii na mara nyingi huwa ni kweli.

Mama Okisai alinisoma midomo hadi mwisho. Alifungua kipochi akatoa pakiti tupu. Kila tundu limetobolewa. Nyuma ya kila moja ameandika kwa kalamu: asubuhi, jioni, asubuhi, jioni. Hakuruka hata mara moja.

Niliomba msamaha. Sijui kama aliuona mdomoni mwangu, nilikuwa nimeinama.

Kwa hiyo si yeye. Ni mimi, au ni dawa, au kuna kitu ambacho sikioni. Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.


Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya.

Mama Okisai alichoka kunisubiri, akaenda kwenye duka la dawa za mifugo sokoni. Muuzaji akampa chupa ya dawa ya kuku, ile ya kuchanganya kwenye maji ya vifaranga. Siku nne Kengele amenyweshwa. Mkojo ulisafika kidogo. Lakini sasa anachechemea miguu ya mbele. Dawa ile kwa mbwa ambaye bado anakua inakula gegedu za viungo. Kila aliyesomea kazi hii anajua. Kwenye chupa kuna picha ya jogoo tu.

Niliendesha hadi dukani nikiwa nimepanga maneno. Nikamwambia muuzaji kwamba anaharibu wanyama wa watu. Alinisikiliza hadi mwisho, bila haraka, kisha akauliza: "Daktari, na wewe zako zimefanya nini?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama pale. Niliwasha pikipiki nikaondoka.

Nimemsimamishia dawa zote. Siku sita bila kitu, kisha nichukue mkojo vizuri, kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu, niupeleke maabara wakauoteshe, waone ni bakteria gani. Nilipaswa kufanya hivyo Januari.


Jumatatu, 10 Machi

Mkojo nimeupata. Mililita tatu, kama chai ya rangi iliyochacha. Wandera alimshika. Wandera ni mtaalamu wa mifugo wa Malaba, tunasaidiana kazi ngumu. Mikono yake ni mikubwa, wanyama wanamtulia.

Kisha kutafuta wa kuupokea. Maabara ya kwanza, ya watu, walicheka. Ya pili walisema mashine yao haipokei "ya mnyama", kana kwamba mashine inauliza. Ya tatu kijana wa mapokezi aliita wenzake waje waone. Barafu inayeyuka.

Wandera akasema anamjua mtu Tororo, ng'ambo ya mpaka Uganda, anayeotesha sampuli za maziwa. Basi Tororo. Mpakani afisa alifungua kikasha changu cha baridi.

"Madam, hii ni nini?"

Mkojo wa mbwa, nikamwambia. Aliangalia chupa, akaniangalia mimi.

"Watu wanavusha vitenge," akasema, "wewe unavusha mkojo."

Alinipisha. Nyuma yangu foleni nzima ilikuwa inacheka. Zamani ningecheka pia.


Ijumaa, 14 Machi

Majibu.

Imeota bakteria ya aina moja, ile ya kawaida inayokaa kwenye ngozi ya mbwa. Dawa yangu ya kwanza haiwezi. Ya pili haiwezi. Zinazoweza ni mbili. Moja ni vidonge vya watu, vinapatikana kwenye maduka ya dawa hapa mjini. Nyingine ni sindano, kali, ya haraka, na ni ya ukoo ule ule wa sindano zilizochukua masikio ya Mama Okisai.

Nilimwonyesha karatasi. Sikuficha. Nilimweleza kwamba sindano ni siku chache tu lakini inaweza kudhuru figo na masikio, na vidonge ni wiki nne.

Aliirudisha karatasi mezani. Kisha akasema, kwa ile sauti yake inayojaza chumba: "Hapana sindano. Huyu ndiye masikio yangu. Yakienda haya, nitabaki na nini?"

Vidonge, basi. Wiki nne, mara mbili kwa siku, kwa uzito wake. Najua hataruka.


Jumapili, 30 Machi

Baada ya misa nilipita Chakol. Mkojo ni wa njano safi. Hachechemei tena, au kidogo sana, ukiangalia kwa makini anaposhuka kizingiti. Alinivuta suruali kwa meno. Mama Okisai alicheka.

Nilijiona daktari. Niliendesha hadi nyumbani nikiimba.


Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Barabara ya kwenda Amukura imekatika, sikumfikia ng'ombe wa watu. Wamenipigia mara tisa. Sikupokea tatu za mwisho.


Jumatano, 16 Aprili

Vidonge viliisha Ijumaa. Leo damu.

Si matone. Damu. Anachuchumaa, anakaza, anatetemeka, hakitoki kitu. Mama Okisai alikuja naye Busia nyuma ya pikipiki, ndani ya gunia, kichwa nje, mvuani. Amekonda. Wote wawili wamekonda.

Hakukaa kwenye benchi. Alisimama katikati ya chumba akasema: "Daktari, hii mbwa nimechoka kuiona ikilia. Mimi siisikii, lakini naiona. Mpumzishe."

Ningeweza kusema tumpeleke Eldoret au Nairobi wakampige picha. Kwa gari la nani, na nyumba amwachie nani? Ningeweza kusema vidonge vingine. Nilikubali. Aliomba iwe kwake, si hapa. Ijumaa asubuhi. Kisha akakumbuka ni Ijumaa Kuu, akasema basi kesho.

Nilipobaki peke yangu nilipiga teke ndoo. Imepasuka.


Alhamisi, 17 Aprili

Naandika haya kabla sijasahau mpangilio wake.

Saa tatu Wandera na mimi tulikuwa Chakol. Mama Okisai alikuwa ametandika gunia safi barazani. Alikuwa amemwosha Kengele. Alimpapasa kichwa, kisha akaingia ndani, akasema tumwite ikiisha. Akajirekebisha: tuje tumguse begani.

Sindano ya kwanza ni ya kumlaza. Alilala haraka, hana nyama ya kupigana. Sindano ya pili, ile ya mwisho, ilikuwa tayari kwenye trei.

Niliweka mkono tumboni mwake. Sikuwa natafuta kitu. Ni desturi tu, mkono unataka mahali pa kukaa. Tumbo lilikuwa laini kabisa, halikazi tena. Kibofu kilikuwa chini ya vidole vyangu kama embe bichi. Nikakibana kidogo, na ndani yake kitu kikasaga. Changarawe ndani ya mfuko.

Nilibana tena. Kikasaga tena. Nilichukua mkono wa Wandera nikauweka pale. Aliangalia angani, kama wafanyavyo watu wanaosikiliza kwa vidole.

"Mawe," akasema.

Mawe. Ndio maana. Bakteria wale huondoa asidi ya mkojo, chumvi inatulia, inagandamana, inakuwa jiwe. Na jiwe linawaficha bakteria ndani yake. Dawa inaua walioko nje, mkojo unasafika, sote tunashukuru. Dawa ikikoma, walioko ndani wanatoka. Mara nne. Ile karatasi ya Februari iliniambia asidi hakuna. Niliiandika kwa mkono wangu.

Nilitupa dawa ya sindano ya pili kwenye majani. Nikaingia ndani nikamgusa Mama Okisai begani. Aligeuka na uso wa mtu aliyeshajiandaa. Nikamwambia hajafa. Ana mawe kwenye kibofu. Nikiyatoa anaweza kupona.

"Mawe?" akauliza. "Nani amemwekea?"

Nikamweleza hakuna aliyemwekea, yanajitengeneza. Alitazama midomo yangu muda mrefu. Akauliza kwa nini hayakuonekana siku zote hizi.

"Yalikuwa yamejificha," nikasema.

Wandera alikuwa mlangoni. Aliangalia viatu vyake.


Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Watu walipita barabarani na msalaba wakiimba, sisi tuko ndani ya kliniki na mbwa mezani.

Nimekifungua kibofu cha mbwa mara mbili tu maishani, zote chuoni, na mwalimu pembeni. Nilifungua kitabu nikakiweka dirishani chini ya chupa ya spiriti. Wandera aliangalia pumzi. Ngozi ya kibofu ilikuwa nene na nyekundu kama ulimi. Nilikata juu, mahali penye mishipa michache. Nikaingiza kijiko.

Matano. Manne kama punje za mahindi, moja kubwa kama haragwe, jeupe, kingo zake zimelainika kwa kusuguana. Nilisafisha kwa maji ya chumvi, nikapitisha mrija wa mpira kwenye njia ya mkojo kuhakikisha hakuna lililobaki. Nikashona safu mbili. Nikajaza maji kuona kama panavuja. Hapakuvuja.

Katikati ya kushona Kengele alisita kupumua. Wandera alisema jina langu, si "Daktari", jina langu, na nikajua. Tulimsukuma kifua, sijui kwa muda gani, mfupi. Akavuta pumzi. Nikamalizia nyuzi za ngozi.

Jioni alikojoa kwenye gazeti. Nyekundu, lakini mkondo.


Jumamosi, 19 Aprili

Anakunywa maji. Amekataa ugali, amekubali vidagaa vya omena.

Mimi nimelala mchana mzima kama gunia.


Jumatatu, 21 Aprili

Nilimrudisha Chakol. Vidonge vile vile wiki nne, sasa angalau havipigani na mwamba. Mawe nilimpa Mama Okisai ndani ya kichupa. Aliyatikisa, akayaweka mkononi, akayahesabu kwa kidole. Hakusema asante. Alinitazama mdomo kama anasubiri.

Nilijifanya nina haraka.


Alhamisi, 1 Mei

Kutoa nyuzi. Kidonda kimefunga vizuri. Kengele anakimbia kuku.

Nina hasira bado na sijui niipeleke wapi. Wandera aliniambia tukiwa njiani kwamba hata yeye alimshika mbwa yule Machi na hakuhisi kitu. Ni kweli. Lakini yeye alishika kichwa. Tumbo lilikuwa langu. Tangu Desemba nililigusa mara ngapi? Mara moja, sekunde tatu, na Machi nikitafuta tu pa kuchoma sindano. Sikumpa hata kidonge cha kumtuliza nimguse vizuri. Mchana wote nalaumu: maabara, mashine ambazo hatuna, muuzaji wa dukani, mama mwenyewe na pakiti zake. Na mkono ninao kila siku.

Uongo ule wa "yamejificha" bado sijausahihisha.


Jumanne, 20 Mei

Vidonge viliisha siku mbili zilizopita. Nimeanza kuogopa simu.


Jumatano, 28 Mei

Nilichukua mkojo tena kwa sindano. Nikavuka nao Tororo. Afisa yule yule. Hakufungua kikasha. "Mbwa anaendeleaje?" akauliza. Nikamwambia nitajua wiki ijayo.


Jumanne, 3 Juni

Hakuna kilichoota.

Nilipata majibu saa nne nikaenda moja kwa moja, sikupita kliniki. Kengele alifika langoni, akaninusa, akarudi mbio kumvuta mwenyewe leso. Mama Okisai alitoka akipangusa mikono. Alikuwa anaandaa mihogo. Nilimpa karatasi. Alisoma ile sehemu iliyoandikwa kwa kalamu, akaikunja, akaiingiza kifuani.

Alileta viti viwili, tukakaa barazani. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njiani, mazuri, yenye sababu. Sikuyatumia. Nilimgusa mkono ili anitazame.

"Hayakuwa yamejificha," nikasema. "Siku ya kwanza ningemgusa tumbo vizuri ningeyajua. Sikumgusa vizuri."

Nilirudia, kwa sababu sikuwa na hakika ameona. Alikuwa ameona mara ya kwanza.

"Nilijua," akasema. "Yule mwenzako alikuwa anaangalia viatu."

Alimenya muhogo mmoja hadi mwisho, akautumbukiza kwenye sufuria ya maji.

"Wale madaktari wa sindano zangu," akasema, safari hii kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kumsikia, "hakuna hata mmoja alirudi kuniambia kitu."

Akanipa kisu cha pili. Tulimenya mihogo. Kengele aliondoka kivulini, akaenda hadi kwenye ua, akachuchumaa mara moja, akakojoa, akarudi kulala.